Jazi na Muziki wa Klasiki wa Kihindi kwa Ala Zisizo za Umeme: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Misingi

1. Huu ni muziki wa namna gani hasa?

Ni muziki wa kundi dogo, mara nyingi watu wanne au watano, wanaopiga raga (njia za mahadhi) na tala (duara za mapigo) za India kwa uhuru wa jazi. Hakuna dramu za fimbo, hakuna besi ya umeme. Kuna gita ya mbao, fidla au filimbi, na ngoma za mkono.

Kielelezo kikuu ni Shakti, kundi la mpiga gita Mwingereza John McLaughlin na mpiga fidla L. Shankar, pamoja na Zakir Hussain kwenye tabla (jozi ya ngoma za mkono) na T. H. "Vikku" Vinayakram kwenye gatamu, yaani mtungi wa udongo. Mwanzoni alikuwemo pia Ramnad Raghavan, mpiga mridangamu, ngoma ya nyuso mbili.

Watu hudhani kinachounganisha pande hizi mbili ni kordi za jazi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) kuwekwa chini ya sauti za Kihindi. Sivyo. Zinakutana kwa kuwa mwanamuziki wa kila upande hubuni papo hapo akiwa ndani ya sheria. Kundi likiwa na Sa moja, yaani noti ya nyumbani (swali la 12), na samu moja, yaani pigo la kwanza la duara (swali la 5), mengine yote yanarekebishika. Likikosa kimojawapo, hata mafundi wakubwa watasikika kama watu wawili wanaoongea kwa wakati mmoja.

2. Hii "jazi" ndiyo ile ya Morogoro Jazz, Western Jazz na OK Jazz?

Hapana. Katika majina ya bendi zetu za dansi neno hilo lilimaanisha bendi ya kisasa yenye magita na tarumbeta, na muziki wenyewe ulikuwa rumba na jamaa zake. Hapa tunazungumzia jazi ya Marekani: mahadhi ya wimbo yanapigwa kwanza, kisha kila mpigaji kwa zamu anabuni juu ya mpangilio wa kordi zake.

3. Hindustani na Karnatiki zinatofautiana vipi?

Hindustani ni mapokeo ya kaskazini ya India: tabla, na ala za nyuzi sitari na sarodi. Karnatiki ni ya kusini: mridangamu, gatamu, kanjira (tari ndogo), vina (ala ya nyuzi), na fidla inayopigwa mpigaji akiwa ameketi sakafuni, kichwa cha fidla kikiegemea kifundo cha mguu. Kaskazini hupenda kuikuza raga polepole. Kusini huegemea tungo zilizokamilika na hesabu kali za mapigo.

Shakti liliwakutanisha Zakir Hussain wa kaskazini na Shankar na Vinayakram wa kusini enzi ambazo pande hizo hazikuwa na mazoea ya kukaa jukwaa moja. Kwa hiyo daraja lilijengwa hata ndani ya India yenyewe, si kati ya Mashariki na Magharibi tu.

4. Raga si skeli tu yenye jina la Kihindi?

Skeli ni orodha ya noti. Raga ni njia ya kupita katika noti hizo: ipi ya kukaa juu yake, ipi ya kuigusa na kuondoka, njia ya kupandia na ya kushukia, na ipi inayotikiswa. Raga mbili zinaweza kuwa na noti zile zile na msikilizaji aliyezoea akazitambua kwa misemo mitatu tu. Mpiga jazi anayekimbiza skeli juu na chini kwa kasi amepiga noti sahihi, lakini raga hajaigusa.

5. Tala na samu ni nini?

Tala ni duara la mapigo. Samu ni pigo la kwanza la duara, pale ambapo kila aliyetoka hurudi. Tintali ina mapigo 16, japtali 10 (2+3+2+3), rupaki 7 (3+2+2), aditala ya kusini 8.

Kwa mtu wa jazi, hesabu ya manufaa ni hii: duara moja la tintali ni sawa na mizani nne za mapigo manne. Bluzi ya mizani 12 ina mapigo 48, yaani duara tatu kamili za tintali. Mpiga tabla na mpiga gita wanaweza kupiga bluzi nzima, kila mmoja akihesabu kwa mila yake, na wakafika mwisho pamoja.

## Shakti kwa ufupi

6. Lilianza lini, na liliishia wapi?

McLaughlin alikuwa akiongoza Mahavishnu Orchestra, kundi la umeme lenye kelele nyingi, huku akijifunza vina kwa Dkt. S. Ramanathan katika Chuo Kikuu cha Wesleyan, Connecticut. Rekodi ya kwanza ya Shakti ilifanywa mbele ya watu jimboni New York tarehe 5 Julai 1975, ikatoka 1976. Zilifuata mbili za studio, na kundi likavunjika 1978.

Mwaka 1997 lilirudi kwa jina Remember Shakti, kwanza na Hariprasad Chaurasia kwenye filimbi, kisha U. Srinivas kwenye mandolini, V. Selvaganesh (mtoto wa Vinayakram) na mwimbaji Shankar Mahadevan. Srinivas alifariki 2014. Albamu ya 2023, akiwemo Ganesh Rajagopalan kwenye fidla, ilipata tuzo ya Grammy Februari 2024. Ustadi Zakir Hussain alifariki San Francisco tarehe 15 Desemba 2024. (Ndiyo, "ustad" ya India na ustadhi wetu ni neno moja.)

Ukitaka sauti isiyo ya umeme, tafuta rekodi za 1975 hadi 1977. Awamu ya pili ilitumia gita na mandolini za umeme.

7. Gita ya McLaughlin ilikuwa na nini cha pekee?

Ilitengenezwa na fundi Abe Wechter kwa kufuata umbo la Gibson J-200, ikafanyiwa mambo mawili. Kwanza, ubao wa shingo ulichongwa mabonde kati ya reli na reli (vile vyuma vinavyokatiza shingo), hivyo kidole hakigusi mbao na uzi unaweza kuvutwa mbali, noti ikateleza kama ya vina. Pili, nyuzi saba za ziada zilipita mshazari juu ya tundu la gita. Hazikusudiwi kuchezwa kama sita za kawaida. Zimelinganishwa na noti za raga, na hulia zenyewe noti ya jina lao inapopigwa.

Usikimbilie kuchonga gita yako. Ubao uliochongwa humwadhibu mwenye mkono mzito: ukikandamiza kidogo tu, noti inapanda. Anza na nyuzi nyembamba zaidi na mazoezi ya kuvuta.

8. Nianze kusikiliza nini?

Anza na rekodi ya 1975. Usianze na kipande kirefu cha karibu nusu saa. Anza na kile kifupi, kisichofika dakika tano, ambamo fidla na gita vinapokezana mahadhi ya polepole. Ukishaisikia Sa ndani yake, rudi kwenye vipande virefu.

## Kusikiliza kwa kuelewa

9. Nafuataje tala bila kupotea?

Kwa mkono. Tintali: piga kofi pigo la 1, la 5 na la 13, pigo la 9 geuza kiganja juu bila kofi. Pigo hilo tupu ndilo alama yako, kwa sababu sauti nzito ya ngoma ya kushoto hupotea hapo na kurudi baadaye.

Aditala: 1 kofi, 2 kidole cha mwisho, 3 cha pete, 4 cha kati, 5 kofi, 6 geuza kiganja, 7 kofi, 8 geuza. Hadhira ya Chennai, mji wa kusini mwa India, hufanya hivi ukumbi mzima.

Ukipotea, acha kuhesabu na usubiri. Wapigaji wakitazamana na kuinua vichwa pamoja, hapo ndipo samu.

10. Yale maneno "taka dimi" wanayoyasema kwa kasi ni lugha gani?

Si lugha. Ni konakoli, ngoma inayopigwa kwa mdomo. Mapigo mawili ni *ta ka*, matatu *ta ki ta*, manne *ta ka di mi*, matano *ta di gi na tom*, saba *ta ki ta ta ka di mi*. Karibu silabi zote zinaishia na irabu, kwa hiyo ulimi wa Mswahili unazipokea bila shida.

Mtu yeyote kwenye kundi, hata mpiga saksafoni, ajifunze hizi tano kabla ya kitu kingine. Dakika 15 kwa siku, makofi ya aditala mkononi, silabi mdomoni, mwendo ule ule mwanzo hadi mwisho.

11. Kipi kimetungwa na kipi kinabuniwa?

Mahadhi makuu yametungwa, na mara nyingi hupigwa na gita na fidla kwa pamoja noti kwa noti. Alapu, ule ufunguzi usio na mapigo, hubuniwa. Zamu za mmoja mmoja hubuniwa. Miisho mingi huwa imekubaliwa (swali la 15).

Kati yake kuna *sawal-jawab*. Wala huhitaji tafsiri: ni swali na jawabu. Mmoja anatupa mapigo 16, mwenzake anayajibu; kisha 8, kisha 4, 2, 1, mpaka wanagongana na kupiga pamoja. Anayejibu hatakiwi kunakili tu. Anarudisha umbo la swali na kuongeza kitu chake.

## Kuunda kundi lenu

12. Tuchague Sa ipi?

Sa ni noti ya nyumbani, na kila kitu hulinganishwa nayo. Wahindi huchagua kulingana na mwimbaji au ala. Wanajazi wamezoea kubadili ufunguo kila wimbo. Hapa wanajazi ndio wa kunyenyekea, kwa sababu gatamu ikishatoka kwenye tanuri haina skrubu. Unaweza kuishusha kidogo kwa kupaka udongo laini ndani ya mdomo wake, lakini kuipandisha huwezi.

Ushauri wetu ni D, kwa sababu hizi:

- Tabla ya kulia yenye uso wa inchi 5¼ hadi 5½ hukaa vizuri kwenye C# au D.
- Gita hupata nyuzi wazi kwa mlinganisho wa D-A-D-G-A-D.
- Fidla ina uzi wa D na wa A tayari.
- Saksafoni ya tena huandikiwa E, ya alto B. Kwenye C# zingeandikiwa D# na A#, na mpigaji angetumia nguvu zake kutafuta vidole.

Tanpura, ala ya nyuzi inayoshikilia Sa nyuma ya wengine, hata ikiwa ni programu ya simu iliyounganishwa na spika ndogo, ilie muda wote: Pa (noti ya tano kutoka Sa), Sa, Sa, na Sa ya chini. Raga isiyo na Pa, weka Ma (ya nne) au Ni (ya saba) mahali pake.

13. Mbona kordi zetu zinasikika vibaya juu ya raga?

Kwa sababu mbili tofauti, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni noti ngeni. Chukua Hamsadhwani kwenye D: noti ni D, E, F#, A, C#. Mpiga gita akizoea kutoka D kwenda G, kordi ya G inaleta G na B, ambazo hazimo. Raga imekufa pale pale, na mpiga fidla atakutazama. Kordi salama ni D, A na F#m. Na noti zote tano zikipigwa pamoja ni D maj9 kamili, kordi ambayo kila mwanajazi anaijua. Ndiyo maana raga hii ni mlango mzuri.

Ya pili ni mlinganisho. Ga (noti ya tatu) ya asili, ile inayotulia juu ya tanpura, iko chini ya F# ya piano au ya reli ya gita kwa takriban sehemu 14 za nusu-toni iliyogawanywa mara 100. Filimbi ikishikilia Ga tulivu na gita ikashikilia F# yake, utasikia mtetemo mchungu. Dawa yake ni kuiondoa noti ya tatu kwenye kordi: piga D na A tu, au D, A, E, na Ga umwachie mwenye mahadhi.

Tena usijaze. Kordi mbili kwa duara zima la tintali zinatosha.

14. Raga gani zinafaa kuanzia?

Baada ya Hamsadhwani, Charukeshi (D E F# G A Bb C) na Kirwani (D E F G A Bb C#). Charukeshi inabeba D7 na Gm. Kirwani inabeba Dm, Gm na A7. Angalizo kwa Kirwani: A7 inalivuta sikio nyumbani kila inapopigwa, na ukiitumia kila mizani mbili muziki unageuka wimbo wa kawaida. Itunze kwa mwisho wa zamu.

Msianze na raga zenye noti za mtikiso mwingi mpaka awepo mwalimu wa kuwasahihisha ana kwa ana.

15. Tihai tunaipangaje, na kwa nini yetu inafika mapema?

Tihai ni msemo unaorudiwa mara tatu, na pigo la mwisho la mara ya tatu linatua juu ya samu. Kosa la kawaida ni kupanga jumla ya 16 kwenye tintali: mnamaliza pigo la 16, moja kabla ya samu. Jumla sahihi ni mapigo ya duara *kuongeza moja*. Mara tatu ya urefu wa msemo, jumlisha mapumziko mawili, lazima iwe 17.

Msemo wa 5 na pumziko la 1: 5+1+5+1+5 = 17. Kwa mdomo, ukianzia kwenye samu:

*ta di gi na tom* – (6) – *ta di gi na tom* – (12) – *ta di gi na* tom

"Tom" ya mwisho ndiyo samu mpya. Kwa japtali, 11: msemo wa 3, pumziko la 1. Kwa rupaki, 8: msemo wa 2, pumziko la 1. Kwa aditala, 9: *ta ki ta* mara tatu bila pumziko.

Jifunzeni kwa mdomo wote pamoja, kisha kwa makofi, ndipo mshike ala. Mkianza na ala, kila mmoja atalaumu kidole chake kumbe kosa ni la hesabu.

16. Na swingi je?

Amueni kabla. Swingi ya jazi hugawa pigo kwa tatu, tabla mara nyingi hugawa kwa nne. Ama wote mgawe kwa tatu kwa zamu hiyo, ama swingi iachwe. Nusu kwa nusu huchafua.

## Jukwaani

17. Tuwekeje maikrofoni?

Tabla inahitaji mbili, moja kwa kila ngoma, umbali wa sentimita 15 hivi, zisimame nje ya njia ya viganja. Gatamu inahitaji moja iliyoelekezwa tumboni mwa mtungi na, ikiwezekana, nyingine karibu na mdomo wake, kwa sababu besi yake hutokea mpigaji anapoufunga na kuufungua mdomo huo kwa tumbo lake. Gita ichukuliwe kwa maikrofoni pamoja na pikapu, yaani kinasa sauti kilichofungwa kwenye gita. Pikapu peke yake husikika kama plastiki.

Waketi kwenye jukwaa dogo la sentimita 30 lenye zulia, kwa umbo la nusu duara, mpiga tabla na mpiga gita wakionana macho. Spika za jukwaani zibebe tanpura kwanza. Wapigaji wasiposikia tanpura watapanda taratibu na kuiacha gatamu nyuma.

18. Tabla yetu inashuka kila ikifika pwani. Ina ubovu?

Hapana, ni ngozi. Hewa ya Mombasa, Tanga au Unguja ina unyevu, ngozi inalegea, sauti inashuka. Ukumbi wenye kiyoyozi huikausha na sauti inapanda. Ifikisheni ukumbini muda wa saa mbili kabla ya onyesho, ikae wazi. Kisha linganisha: sogeza kwanza vigongo vya mbao vilivyo chini ya kamba kwa mabadiliko makubwa, halafu gonga ukingo uliosukwa kwa nyundo ndogo, kuelekea chini kupandisha, kuelekea juu kushusha. Zunguka ukingo wote, gonga na pande zinazotazamana, la sivyo ngozi itavutika upande mmoja.

Kiraka cheusi kilicho juu ya ngozi kisiguswe na maji wala mafuta. Ni tabaka za unga wa chuma na wanga. Kikilowa kinamumunyuka na sauti haitarudi. Jasho la mikono likaushwe kwa poda. Mridangamu ni kinyume: uso wake wa kushoto hupakwa donge la suji iliyokandwa na maji kabla ya kupiga, na hubanduliwa baadaye.

## Hali za pekee

19. Tuna mpiga piano tu, hatuna gita. Inawezekana?

Inawezekana akikubali kuwa ardhi. Piano haitelezi kati ya noti, kwa hiyo isibebe mahadhi ya raga. Ibebe Sa na Pa kwenye oktava za chini, na mapigo. Suala la Ga (swali la 13) linaihusu mara mbili.

20. Saksafoni haiharibu raga?

Kadri Gopalnath wa Karnataka aliipiga Karnatiki kwa saksafoni ya alto kwa miongo mingi, kwenye majukwaa makubwa ya kusini mwa India. Siri ni mdomo na kulegeza vidole, noti iteleze badala ya kuruka.

21. Huu una undugu na taarabu ya Mombasa yenye mahadhi ya Kihindi?

Undugu wa ala upo: tabla na kinanda cha mvukuto. Lakini taarabu ile, aliyoivumisha Juma Bhalo, ilichota kwenye nyimbo za filamu, ambazo hutegemea zaidi kaharwa ya mapigo 8 na dadra ya 6, na shairi ndilo linalotawala. Hapa ubunifu wa ala ndio unaotawala. Mpiga tabla wa taarabu tayari ana mkono. Anachopaswa kuongeza ni duara ndefu na tihai.

22. Mwenzetu amepoteza samu katikati ya onyesho. Tufanye nini?

Aliyepotea aache kupiga, asikisie. Mpiga tabla aache mapambo, arudi kwenye theka, yaani mpangilio wa kawaida wa tala, kwa duara mbili. Mpiga gita apige D na A wazi kwenye samu tu. Aliyepotea apige makofi kimya pajani, angoje pigo tupu la 9, kisha aingie samu inayofuata kwa noti ya Sa.